Kitu Chochote Chenye Thamani

Shemeji alikuja Jumapili na papai, na papai lile likaishia mlangoni.

"Usiliingize ndani," Kamishna alimwambia, kabla hata hajamkaribisha.

"Ni papai tu, shemeji. La mti wangu mwenyewe."

"Ni kitu chenye thamani."

Shemeji akaligeuzageuza mikononi kama mzazi aliyeambiwa kwamba mwanawe ni mwizi. Nyuma yake mkewe, ambaye alikuwa mdogo wake Kamishna wa tumbo moja, alikuwa ameshaanza kuvimba. "Yaani dada, mume wangu akikupa hata maji ya kunywa utafungwa?"

"Tutafungwa wote wawili. Karibuni, piteni. Papai libaki hapo."

Likabaki hapo, juu ya ukuta wa baraza, wakalila ndege, ambao hawakuwa wagombea wa chochote.

Msiharakishe kumcheka. Huko kwao, mtu wa kuisimamia kampuni ya umeme alikuwa akichaguliwa kwa kura, kama mbunge. Kazi yake ilikuwa kupanga bei, kusikiliza malalamiko na kuibana kampuni inapozembea. Lakini kura haziji kwa kupigiwa mluzi. Zinataka magari, fulana, spika na chai ya wapiga debe, na kwa miaka mingi gharama zote hizo zilikuwa zikilipwa na nani? Na kampuni ya umeme. Ni sawa na mwizi amnunulie mlinzi viatu, tena vile vinavyopiga kelele, ili amsikie akija.

Kamishna alipoingia madarakani, jambo la kwanza alilofanya ni kutunga kanuni. Hakuna kampuni inayosimamiwa, wala mkurugenzi wake, mfanyakazi wake, wakala wake au ndugu wa hao, atakayempa msimamizi au mgombea fedha au kitu chochote chenye thamani. Maneno hayo ya mwisho yalimjia bafuni akipiga mswaki, akatoka na povu mdomoni kwenda kuyaandika. Aliyapenda kuliko alivyowapenda baadhi ya ndugu zake. Fedha peke yake wangeizunguka, lakini kitu chochote? Watapita wapi? Magazeti yakampachika jina la Mama Kanuni, naye akajifanya halipendi.

Sasa muhula wake ulikuwa unakwisha na uchaguzi uko karibu. Juu ya meza yake ofisini lilikuwa limelala ombi la kampuni la kupandisha bei, ombi la kutisha, ambalo lingetolewa uamuzi na yeyote atakayeshinda. Kamishna alitaka kushinda, tena ashinde bila fadhila ya mtu shingoni, ili siku hiyo ikifika aseme hapana kwa sauti yake mwenyewe. Ndilo jambo pekee alilolitaka duniani wakati huo. Shemeji alikuwa mwajiriwa wa kampuni ile, katika chumba cha kuongozea umeme, ambamo watu wachache wenye usingizi huamua mtaa upi uwake na upi ukae giza wakati wa mgao. Kwa hiyo papai lake likawa haramu, na undugu haukusaidia kitu.

Kampeni ilikuwa ya kimaskini kweli kweli. Mumewe, mwalimu mstaafu, ndiye aliyekuwa meneja, dereva na mbeba spika. Ratiba ya mikutano waliichapa wenyewe na kuibandika kwenye kuta za mji. Mpinzani wake hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Huyu watu walimwita Bwana Fulana, kwa sababu enzi za kampuni kumlipia kampeni aliwavisha fulana mpaka mbuzi. Kanuni ilipompokonya mfadhili, alijikuta hana gari, hana spika na hana la kusema, akawa anafanya kampeni akiwa amekaa kibarazani kwake, akipungia mkono wapita njia.

Mkutano wa kwanza ulikuwa katika mtaa ulio nyuma ya soko. Huo ulikuwa mtaa ambao mgao ulikuwa umeuzoea mpaka ukahamia. Watu wa pale waliuita umeme "mgeni", na ulipokuja waliacha kila kitu wakaupokea kama anavyopokewa mgeni. Mwalimu alivuta waya hadi kwenye duka la kinyozi, akachomeka spika, akabonyeza. Kimya. Kamishna akapanda juu ya kibao, akakohoa, akajiandaa kupaza sauti ya darasani. Ndipo taa ya kinyozi ikawaka, spika ikakoroma, na mtaa mzima ukapiga kelele za furaha.

Aliongea vizuri siku hiyo. Alieleza kanuni yake kifungu kwa kifungu, na watu wakawa wanatikisa vichwa kukubali. Alipomaliza, wakapakia spika, wakaaga, na gari lilipokata kona umeme ukakatika.

Mtaa wa pili ikawa vilevile. Wa tatu vilevile. "Una nyota," mumewe alimwambia, na Kamishna akacheka, lakini moyoni akaanza kukubali kwamba huenda anayo. Kichwa kilimvimba kidogo, tusifichane. Umati uliongezeka kila siku, na mtu akiona umati unamfuata hajiulizi sana unafuata nini. Aliona wanawake wamekuja na nguo za kupiga pasi, akadhani ni wachapakazi. Aliona watu wamekumbatia simu zilizozimika, akadhani wanataka kumpiga picha.

Kwenye mkutano wa pili wa mtaa wa nyuma ya soko, alipotamka kwamba anakaribia kumaliza, kinyozi alitoa kichwa nje ya duka lake. "Endelea mama! Nina mtu hapa nimemnyoa nusu!"

"Na mimi nina suruali ya bwana harusi!" fundi cherehani akadakia kutoka upande wa pili. Mashine yake ilikuwa ya umeme, na kwa muda mrefu ilikuwa kama pambo.

Kamishna akaendelea. Akaongeza habari za transfoma, jambo ambalo hakuna mkutano wa hadhara uliowahi kulitaka, na watu wakamshangilia. Baada ya hapo mitaa ikaanza kutuma wajumbe kumwomba afike kwao. Wengine waliomba hotuba iwe ndefu kuliko ile ya mtaa wa jirani, maana walikuwa na mahindi ya kusaga. Mwalimu alifurahi. Katika miaka yake yote darasani hakuna aliyewahi kuomba somo lirefushwe.

Kisha Kamishna akaumwa koo. Sauti ilimwisha kabisa, wakaahirisha mkutano bila hata kupata muda wa kutangaza. Siku iliyofuata akapita sokoni kununua ndimu, akakutana na Mama Barafu. Mwanamke huyu alikuwa akiishi kwa kugandisha maji ya matunda kwenye vifuko na kuwauzia wapita njia, umeme ukiwepo, na kwa kuuza maji ya matunda ya moto, umeme usipokuwepo.

"Pole na koo, mheshimiwa," Mama Barafu alisema. "Jana hukuja. Lakini umeme wako ulikuja."

"Umeme wangu?"

"Ulikuja saa ileile ya kwenye ratiba. Ukatusubiri, ukaona hakuna mtu anayehutubia, ukakaa mpaka muda wako ukaisha, ukaenda zako. Niligandisha friji zima. Mungu akuponye, ila usijisumbue kuja ukiwa mgonjwa."

Kamishna alisahau ndimu palepale. Akaenda moja kwa moja nyumbani kwa shemeji, akamkuta uani anapigilia msumari kwenye kiti kilichovunjika mguu.

"Shemeji, niangalie. Nani anawasha umeme kwenye mikutano yangu?"

Shemeji akaweka nyundo chini, akaangalia kushoto na kulia kama anayetafuta mahali pa kukimbilia. "Mimi," akasema.

"Wewe?"

"Si kwa kupenda kwangu. Ratiba yako inaletwa pale kila asubuhi kutoka makao makuu. Tunaambiwa mtaa fulani, saa fulani, usizimwe. Akimaliza, zima. Nawasha, nazima. Ndiyo kazi yangu."

"Na ukakaa kimya! Umekula kwangu Jumapili zote hizi, umekaa kimya!"

"Kanuni yako, shemeji." Wala hakuwa anamkejeli. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekesha akiwaza jambo. "Mfanyakazi wa kampuni asimpe mgombea kitu chochote chenye thamani. Nikajiuliza, hii habari ina thamani? Nikaona ina thamani kubwa, kuliko hata lile papai. Nikaogopa."

Mkewe akatokea jikoni, mikono kiunoni. "Mwambie tena, hakusikia vizuri," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alionekana mwenye furaha.

Mkurugenzi wa kampuni alimpokea Kamishna akiwa amesimama. Alikuwa mtu wa sauti laini, suti isiyokunjamana, na ofisi yenye baridi ya kuhifadhia nyama. "Ningekukaribisha chai," akasema, "lakini kanuni yako naiheshimu."

"Mnaninunua," Kamishna alisema.

"Kwa kipi? Mimi sijakupa hata kalamu."

"Kwa umeme. Mnawasha ninapohutubia."

"Mheshimiwa, miaka yote umetuandikia barua kali ukitutaka tuwashe. Leo tumewasha, umekuja kufoka. Ratiba umeibandika wewe mwenyewe ukutani, kila mtu anaisoma. Sisi tumeona pana watu wengi, tukapeleka huduma. Tumekosa?"

"Basi kateni. Nikatieni kama mnavyowakatia wengine."

Mkurugenzi akatabasamu, akavuta kiti chake, akakaa. "Hilo ni ombi? Maana kifungu kinachofuata kinamkataza mgombea kuomba chochote kwetu. Ukiniomba nikate na mimi nikakata, nitakuwa nimekufanyia jambo. Tutakuwa tumekosa wote wawili."

Kifungu hicho alikiandika Kamishna mwenyewe, na alikumbuka jinsi alivyojipongeza. Kuwaadhibu angewaadhibu kwa lipi, kwa kuwasha? Aliondoka na hasira zake zote, hakuweza kuacha hata moja pale.

Usiku ule... hapana, tusimsingizie kwamba alikosa usingizi. Alilala fofofo, kwa sababu njiani kurudi alikuwa ameshaamua. Angewaambia watu ukweli. Mumewe alipinga. "Utapoteza kura," alisema. Kamishna akamjibu kwamba bora azipoteze. Alisema hivyo kwa uchungu wa kweli, maana alikuwa amezipenda zile kelele za furaha, na sasa alijua hazikuwa zake.

Mkutano wa mwisho ulikuwa palepale nyuma ya soko, jua likiwa bado kali. Umeme ukaja kwa wakati. Kinyozi akaanza kunyoa, cherehani ikaanza kunguruma. Kamishna akapanda kibao chake, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Zimeni mashine kwanza mnisikilize," alisema. Hakuna aliyezima, lakini walisikiliza. "Umeme huu sio mimi. Ni kampuni. Wanawasha nikija, wanazima nikiondoka. Wanataka niwe nimekula chao, ili baada ya uchaguzi niwapandishie bei. Mimi sitawalipa. Sikuwaomba, na sitawalipa. Kama mnanipa kura kwa sababu ya taa, msinipe."

Spika ilikuwa safi siku hiyo, kila neno likafika hadi mwisho wa soko. Kinyozi akatazamana na fundi cherehani, fundi cherehani akatazamana na Mama Barafu. Halafu mtaa mzima ukalipuka kwa makofi. Walimbeba juu juu hadi kwenye gari. Kamishna alilia njia nzima, akimshika mumewe mkono wa kubadilishia gia. "Wamenielewa," alikuwa akisema. "Uliona? Wamenielewa."

Akashinda kwa kura nyingi mno. Bwana Fulana alipata za jamaa zake, wala si wote.

Baada ya kuapishwa, umeme ulirudi kwenye tabia zake, na mtaa wa nyuma ya soko ukapata zaidi ya sehemu yake. Ulikuwa unazimika asubuhi, unazimika mchana, na kuna siku haukuja kabisa. Mafundi wa kampuni waliandika ripoti kwamba mitambo imechoka na fedha za kuitengeneza hazipo, kwa kuwa bei haijapanda. Kamishna aliisoma ripoti hiyo mara mbili akitafuta uongo, akaukuta umechanganywa na ukweli kiasi kwamba hauwezi kutenganishwa. Shemeji naye alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, kulinda nguzo.

Asubuhi ya kutoa uamuzi wa bei, katibu wake alimwambia kuna wageni. Waliingia kinyozi, fundi cherehani na Mama Barafu, wamevaa nguo zao za heshima, ambazo zilikuwa hazijapigwa pasi. Wakakaa kwenye ukingo wa viti. Kamishna alifurahi kuwaona. Alijua wamekuja kumtia moyo.

"Tumesikia leo ndiyo siku," kinyozi alianza. "Tumetumwa na mtaa. Tunaomba usaini."

"Nisaini nini?"

"Ile bei yao."

Kamishna alidhani hakusikia vizuri. "Mnataka bei ipande? Nyinyi? Mama Barafu, nikisaini, utaweza kuliendesha hilo friji lako?"

"Umeme ukiwa ghali napunguza matumizi," Mama Barafu alisema. "Usipokuwepo napunguza nini?"

"Lakini niliwaambia! Nilisimama mbele yenu nikawaambia wanachotaka!"

"Ulisema vizuri sana," fundi cherehani akasema kwa upole. "Ndiyo maana tulikupa kura. Tukasema huyu mama ni mkweli, anamjua aliyemwashia taa. Mtu wa hivyo hawezi kumtupa mwenzake."

"Nilisema sitawalipa!"

"Hayo ya kampeni, mheshimiwa," kinyozi alisema. "Kila mgombea anasema yake. Sisi tulikusamehe."

Kamishna akasimama. "Mimi sikupokea kitu kwao. Hata chai yao sikunywa. Sina fadhila ya mtu."

"Wewe hukupokea," Mama Barafu alimkubalia. "Tuliopokea ni sisi. Mimi niligandisha, huyu alinyoa, huyu alishona. Halafu sisi ndio tukakupa wewe."

Kanuni yote ikapita kichwani mwa Kamishna, kifungu baada ya kifungu. Kampuni alikuwa ameizuia. Mkurugenzi, mfanyakazi, wakala, ndugu, wote aliwazuia. Hakumsahau mtu, isipokuwa mpiga kura. Na hata sasa, akijaribu kumwongeza katika ile orodha, hakujua angemwandikaje.

"Nitawabana kwa mgao huu," alisema. "Nipeni muda."

"Muda kiasi gani?" Mama Barafu aliuliza. Lilikuwa swali la mtu anayetaka kujua.

Kamishna akakaa tena. Ombi la kampuni lilikuwa mbele yake, na mihuri miwili kando yake. Kwa muda alitamani sana kuchukua ule wa kukubali. Angewafurahisha watu hawa watatu aliowapenda, taa zingewaka, na Mkurugenzi asingehitaji hata kumshukuru. Wote walikuwa wanauangalia mkono wake. Akachukua muhuri wa kukataa, akagonga, na ulipogonga alijua amefanya haki, na alijisikia kama amewapiga kofi.

"Sawa," Mama Barafu alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Kamishna kuliko yote. "Kwa hiyo sisi tukae giza ili wewe uwe msafi."

Walimshukuru kwa muda wake. Walimpa mikono, mmoja mmoja, kama watu wanaoaga nyumba yenye msiba. Kamishna alitaka kuwaambia kwamba ni kwa ajili yao, kwamba ipo siku wataona, lakini akaishia kuwafungulia mlango. Hakuwa amepokea kitu kwa mtu yeyote, na aliona aibu kama aliyekamatwa.

Kinyozi alikuwa wa mwisho kutoka. Akasita mlangoni, akajikuna kichwa.

"Samahani, mheshimiwa. Bwana Fulana siku hizi anakaa wapi?"

Kamishna, kwa kuwa ni mtu asiyeweza kusema uongo, akamwelekeza vizuri tu: wapite barabara ya shule, wakate kushoto penye duka la vioo, watamkuta kibarazani.